Filta za Shangazi Zilizokaa Juu ya Moto

Kwetu Gitega iko ugonjwa moja ambao hakuna dispanseri inautibu. Mtu akiona kitu cha zamani, hata kifuniko cha sufuria ambayo yenyewe ilishakufa, anakishika kwa mikono mbili, anapuliza vumbi, anasema: "Hii sasa ndiyo kitu." Halafu anakugeukia wewe kijana, anakuangalia kama vile we ndiye uliyeharibu vitu vyote vya dunia siku ile ulipozaliwa.

Mi nimechoka. Nasema wazi, anayetaka kukasirika akasirike. Nimechoka, na kilichonichosha ni filta ya mafuta.

Mzee wangu ana gari, Pijo ya zamani yenye mgongo mrefu, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Inanizidi umri, na nyumbani kwetu inanizidi heshima. Mvua ikianza kunyesha, Mzee haulizi watoto wako wapi, anauliza gari iko wapi. Mi ndiye dereva wake, na mi ndiye fundi wake, tangu macho ya Mzee yalipoanza kuona barabara mbili mahali iko moja. Kazi kubwa ya Pijo ni harusi. Bibi harusi akitoka nyumbani kwao ndani ya Pijo yetu, picha inabaki ukutani mpaka wajukuu. Kwa hiyo hiyo gari ndiyo inatulisha, siwezi kubisha. Moteri yake ikifa, imekufa. Hakuna ingine mjini hapa, na hakuna mtu wa kuifufua.

Sasa, gari inataka kusafishwa damu kama mtu. Kila baada ya muda unatoa mafuta machafu ya moteri, unatia mapya, na unabadilisha filta, kile kikopo cha bati kinachochuja uchafu. Sisi tunaita kufanya vidanji. Filta ya Pijo yetu unaipata sokoni kwa bahati. Zinatoka mbali, bati yake nyepesi, rangi ya chungwa, na maandishi yake hakuna mtu wa hapa anaweza kuyasoma. Mi nilisoma mpaka la sita na sikufundishwa ile alfabeti. Lakini nimezitumia miaka yote niliyoshika ule usukani, na hata siku moja hazijanilaza njiani.

Mzee anaziitaga bati ya biskuti.

"Umeshaenda kununua bati ya biskuti?" ananiuliza. "Za zamani zilikuwa nzito. Ukimpiga nayo mwizi, analala."

"Baba, sisi tunachuja mafuta. Hatupigi mwizi."

"We mtoto wa juzi. Utajua nini."

Basi, tulikuwa tunaishi hivyo, yeye na zamani yake, mi na bati yangu ya biskuti, bila vita kubwa. Mpaka dada yangu mkubwa akapata mchumba wa Muyinga.

Siku wakwe walipokuja kutoa mahari, Mzee alinywa chai yake, akasimama, akasema mbele ya watu wote: "Binti yangu nitamleta kwenu kwa gari yangu mwenyewe. Atatoka kwangu ndani ya Pijo, na kwenu ataingia ndani ya Pijo." Wakwe wakapiga makofi. Mi nilikuwa mlangoni nimeshika birika, nikajua sentensi hiyo imeniangukia mimi.

Karibu na harusi familia ikakaa kikao, kila mtu aseme ataleta nini. Mwingine mchele, mwingine mbuzi, mwingine maneno matupu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa Mzee, alikuwa amefika kutoka Muyinga, amekaa kwenye mkeka na mzigo mapajani umefungwa na kitenge. Hakuutua hata wakati wa kula. Zamu yake ilipofika, akaufungua polepole kama anafungua mtoto.

Ndani iko kartoni. Nyeusi. Nyeusi ile ya sufuria ya matanga.

"Kaka," akamwambia Mzee, "wengine wameleta chakula, Mungu awalipe. Mi nimeleta kitu cha marehemu."

Marehemu ni mume wake. Alikuwa dereva kule Muyinga, na alikuwa na Pijo kama yetu, ndugu yake kabisa. Gari ilishakwisha, mwenyewe akafuata. Ila kabla ya hapo alikuwa amejinunulia filta za akiba, na zikabaki hivyo, mpya, hazijawahi kufungwa kwenye moteri. Shangazi hajauza hata moja. Hakuwa na mtoto, hakuwa na gari, alikuwa na filta.

Mzee akatoa moja. Ilikuwa na rangi ya kijani iliyong'aa, maandishi yake mazuri ya zamani, bati nzito. Macho ya Mzee yakalowa.

"Hizi!" akasema. "Ndizo hizi! Dada, ulizificha wapi miaka yote?"

"Kwangu panya wanakula mpaka sabuni," Shangazi akajibu, amejaa raha. "Nikaziweka pale ninapoweka mbegu yangu ya mahindi. Juu ya moto."

Watu wote wakatikisa kichwa kwa kumsifu, na mi peke yangu nikatoa macho. Shangazi anakaa kwenye kilima nje kidogo ya mji, anapikia kuni. Na kule kilimani, mbegu ya mahindi inatundikwa juu ya jiko, moshi uipige kila siku, isiliwe na wadudu. Ni akili nzuri sana. Kwa mahindi! Hindi likitoka pale linaenda kwenye udongo, linapata mvua, linaamka. Lakini filta mdomoni iko na mpira, duara nyembamba inayoziba mafuta yasitoke. Mpira uliokaushwa na moto wa maharagwe miaka nenda rudi, uamshwe na mvua gani?

Mzee akaleta ile filta kwenye pua, akavuta hewa. Akanipa na mi ninuse. Yeye alisikia harufu ya zamani. Mi nilisikia samaki wa ndagala.

Nikabonyeza mpira na ukucha. Ukucha ukateleza kama juu ya kigae.

"Baba, huu mpira umekauka."

Shangazi akaniangalia kama nimetema mate kwenye kaburi.

"Umekauka kwa sababu haujaguswa na mafuta," Mzee akasema. "We ukikaa miaka hiyo bila kupaka mafuta ungekuwaje? Utaupaka, utalainika."

"Baba, ile ya rangi ya chungwa iko bado nzuri, nimeifunga juzi tu..."

"Mtoto wangu wa kwanza kuolewa," Mzee akasema, anatamka neno moja moja, "nimpeleke ukweni na bati ya biskuti?"

Yaani kuna mtu kule Muyinga angefungua kapo ya gari, kile kifuniko cha moteri, kabla ya kumsalimia bibi harusi, akague filta? Lakini jibu kama hilo ukilitoa mbele ya wazee, unakuwa huna adabu. Kuwa na adabu kwetu ni kuangalia jambo linaharibika na mdomo umefunga.

Siku moja kabla ya harusi nikafanya vidanji uani, familia yote imenizunguka kama nachinja ng'ombe. Nikafungua ile ya chungwa. Mzee akasema tupa. Sikutupa. Niliifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaisukuma nyuma, chini ya gurudumu la akiba, kwa sababu fundi wa Gitega hatupi kitu kinachofanya kazi. Nikachukua ile ya kijani, nikapaka mpira mafuta, nikaupaka tena, nikaukanda kama mgonjwa. Ulikuwa unang'aa, lakini ulikuwa mgumu vilevile. Nikakaza kwa mikono. Nikawasha.

Moteri ikaunguruma vizuri. Tukainama wote kuangalia chini. Hakuna hata tone.

"Enhee!" Shangazi akapiga makofi. "Marehemu hakununua takataka!"

"Umeona?" Mzee akaniambia.

Niliona gari imesimama uani, haijapanda hata ngazi.

Harusi ikafika. Ndoa ikafungwa asubuhi, watu wakala pilau, bwana harusi akatangulia kwao na watu wake ili wampokee bibi vizuri. Sisi tukapanga msafara. Mbele Pijo na maua yake. Mi kwenye usukani, nyuma dada yangu na gauni ambalo lilikuwa limejaza gari kama povu la sabuni, pembeni yake Shangazi. Nyuma yetu gari za wageni, na mwisho hiyasi, basi ndogo iliyobeba wazee, mchele, na masufuria. Mzee alikuwa ndani ya hiyasi, kwa sababu baba hapandi gari moja na binti anayepelekwa kwa mume. Kanuni ingine ni kwamba gari ya bibi harusi haipitwi. Ukiipita umemharibia njia. Kwa hiyo sote tulienda kwa mwendo wa Pijo, taa zinawaka zinazima, honi kila kijiji, watu wanapunga mikono.

Mpaka Karuzi nilianza hata kujilaumu moyoni kwa roho mbaya. Gari ilikuwa inatembea kama mpya.

Tulipita Karuzi, milima ikaanza. Kwenye milima ndipo moteri inajulikana. Nikashusha gia, nikakanyaga, Pijo ikanguruma ikapanda. Halafu nikasikia harufu.

"Nani anachoma kitu?" dada akauliza.

"Ni watu wa mashamba," Shangazi akasema.

Na ile taa nyekundu ya mafuta ikawaka machoni pangu.

Nilizima moteri palepale, katikati ya mlima. Nikaiacha gari irudi kidogo mpaka pembeni, nikaruka nje, nikatia jiwe nyuma ya gurudumu. Moshi ulikuwa unatoka chini ya kapo. Nikarudi dirishani.

"Mbona umesimama?" Shangazi akaniuliza.

"Taa ya mafuta imewaka, Shangazi."

"Na ikiwaka?"

"Inasema moteri inakufa."

"Haa! Hiyo taa? Marehemu ikimuwakia alikuwa anabandika karatasi juu yake, tunaendelea na safari."

"Na gari ya marehemu iko wapi sasa?"

Dada yangu alinipiga na ua. Ua la harusi, puani. Shangazi akageuza uso upande wa mashamba. Mi nikatia ufunguo wa gari mfukoni, mtu mwingine asijaribu kuwasha.

Nyuma yetu msafara wote ukasimama, maana nani atapita? Gari zikapangana mlima mzima, taa zinawaka zinazima. Wanawake wa gari ya pili walidhani tumesimama kupiga picha. Wakashuka, wakaanza kuimba. Akapita mtu wa baiskeli anashuka na mizigo ya ndizi, akapunguza breki.

"Ewe! Bibi harusi amebadilisha mawazo?"

"Hapana," nikamwambia, "gari ndiyo imekataa bwana harusi."

Akacheka mpaka ndizi zikacheza. Nilifungua kapo. Upande wote wa moteri ulikuwa umeoga mafuta, na njiani tulikotoka uko mstari mweusi, unashuka mlima na unameremeta.

Mzee akafika kwa miguu kutoka mwisho wa msafara, suti yake, kofia yake, jasho lake. Aliangalia moteri. Aliangalia mstari. Alinigeukia.

"Ulikaza vibaya."

Mtu anaona shimo, anakuambia pita, unaanguka, anakuambia hukujua kutembea!

"Baba," nikasema, "nipe mkanda."

"Mkanda gani?"

"Wa suruali. Filta inateleza na iko moto, siwezi kuishika na mkono."

Mzee akasita, akaangalia upande wa wakwe kama wanaweza kumwona kutoka Muyinga, akavua mkanda. Suruali ile ya suti alikuwa ameinunua wakati ana tumbo. Akabaki ameishika na mkono moja, na mkono wa pili ananinyoshea kidole. Nikazungusha mkanda kwenye filta, nikavuta, ikalegea. Nikaitoa. Mpira ulidondoka vipande vipande, nikaviokota, nikamwekea kwenye kiganja kile kimoja kilichokuwa huru.

"Angalia. Umevunjika kama ukoko wa ugali."

Mzee akaviangalia.

"Umevunjika kwa sababu ulikaza sana."

"Si umesema nimekaza vibaya?"

"Kukaza sana si ni vibaya?"

Simu yake ikaanza kulia. Ni wakwe. Ilimbidi achague, aachie suruali au aache simu ilie. Dada akashuka, akaitoa mfukoni mwake, akamwekea sikioni.

"Ndiyo... ndiyo mkwe... Tuko karibu... Barabara iko na watu wengi sana leo." Barabara ilikuwa na sisi, na mbuzi.

Dereva wa hiyasi, mtu mnene wa Giheta asiyependa maneno mengi, akaja akatoa wazo. "Mzee, tumhamishe bibi harusi kwenye hiyasi. Tukienda sasa tunafika."

Uso wa Mzee ulibadilika. Sikuwahi kumwona hivyo. "Binti yangu aingie ukweni juu ya magunia ya mchele? Nilisema atashuka kwenye Pijo. Nilisimama nikasema." "Watamwambia mpaka anazeeka: wewe ulikuja kama mzigo."

Hapo hata mi nikamkubali. Kwa sababu alikuwa anasema kweli. Wangemwambia. Ukweni hawasahau, na Muyinga kule iko watu ambao kazi yao ni hiyo.

Shangazi alikuwa ameshashuka, anafungua nyuma ya gari.

"Ziko zingine!" akaita. "Nimekuja na kartoni yote! Weka ingine, baba, weka ingine, hiyo moja ilikuwa na kasoro."

"Weka ingine," Mzee akasema haraka.

"Sitaki."

"Unasema?"

"Baba, sitaki." Nikachukua filta ya pili kutoka mkononi mwa Shangazi, na adabu zangu zote, nikaweka ukucha kwenye mpira mbele ya macho yake. Kipande kikaruka. Nikachukua ya tatu. Kipande kikaruka. "Hizi zilikuwa nzuri. Marehemu hakudanganywa dukani, hata mi ningezinunua. Lakini zimepikwa. Nikiweka ingine, moteri inafia hapa, na kesho utakuwa na gari ya kufugia kuku."

Mzee alikuwa anaangalia vile vipande. Mi nikaenda nyuma, nikainua gurudumu la akiba, nikatoa mfuko wa plastiki, nikafungua. Ile ya chungwa. Chafu, nyepesi, imetumika, mpira wake laini kama sikio la mtoto.

"Hiyo nilikuambia utupe," Mzee akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Unataka kuweka kitu kilichotumika, na hapa iko vipya?"

Ni hapo dada yangu alipoingilia. Alikuwa amesimama njiani, gauni amelikusanya mkononi lisiguse mafuta, wanja umeanza kushuka.

"Baba," akasema, "mi nataka kufika. Aweke hata kifuniko cha sufuria."

Mzee akatazama mlima, akatazama ile Pijo, akamtazama binti yake. Kisha akanigeuzia mgongo, suruali mkononi, akaenda kusimama pembeni kama mtu anayekagua mashamba ya mihogo. Hakusema weka. Lakini hakusema usiweke. Kwa Mzee wangu hiyo ni ruhusa yenye muhuri.

Nikaifunga. Sasa tukakosa mafuta ya moteri ya kurudishia. Mama moja akajitolea bidoni ya mawese ya kupikia sherehe, na hakuwa anatania. Wakati huo dereva wa hiyasi alikuwa ameshatoa bidoni yake ya mafuta ya moteri chini ya kiti, kwa sababu moteri yake inakunywa mafuta kama iko kwenye matanga ya tajiri, na bila bidoni hatokagi nyumbani.

"Tia yote," akaniambia. "Yangu ikikauka, mtanisukuma na suti zenu."

Nikatia. Nikafuta. Nikawasha. Taa nyekundu ikawaka, na mlima mzima ukaacha kuimba. Halafu ikazima. Nikatega sikio: moteri ilikuwa inaunguruma kama kawaida yake, haina kidonda. Nikainama chini ya gari, nikakaa hapo mpaka shingo ikaniuma. Hakuna hata tone. Nikamrudishia Mzee mkanda wake, unanuka mafuta, akaufunga bila kuniangalia.

Tuliingia Muyinga jua likiwa bado liko, honi zote, vumbi lote. Dada yangu akashuka kutoka kwenye Pijo, vigelegele vikapasua hewa, na Mzee akawa amesimama pembeni ya mlango wa gari, mkono juu ya kapo, kama mtu aliyeitengeneza mwenyewe kwa udongo. Wakwe wakamkumbatia. Hakuna aliyeuliza kwa nini tumechelewa. Kwenye harusi zetu anayefika kwa saa ndiye anaulizwa.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa nimekasirika kidogo tu. Lakini baada ya kula, Shangazi akasimama. Akaomba watu wanyamaze.

"Wakwe zetu," akasema, "mume wangu mlimjua hapa Muyinga. Mungu hakutupa mtoto. Alisema siku zote, siku moja nitampeleka binti kwa mume na gari yangu. Hakuwahi." Akafuta uso na kitenge. "Leo amempeleka. Filta iliyotuleta hapa ni yake. Aliinunua na mkono wake, na mi nikaitunza."

Watu wakasema amina. Wazee wa Muyinga waliomjua marehemu wakaanza kutikisa vichwa, eti ndiyo, vitu vya wakati ule vilikuwa na nguvu.

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Na kiatu cha Mzee kikashuka juu ya mguu wangu, kizito, kikabaki pale. Nikamwangalia. Alikuwa anamwangalia dada yake, na macho yake yalikuwa yamelowa kama siku ile ya kartoni. Nikafunga mdomo. Shangazi aliona kila kitu kule mlimani. Alishika vile vipande na mkono wake. Alijua. Lakini alikuwa analia kweli, na unambishiaje mtu anayelia kweli? Hilo ndilo linaniuma zaidi. Wazee wanakukosea halafu wanakunyima hata nafasi ya kukasirika vizuri.

Na kama hiyo haitoshi, akaniita mbele ya watu, akanipa kartoni nzima na zilizobaki, zawadi ya dereva. "Uzitunze, baba. Juu ya moto." Nikapokea kwa mikono mbili. Watu wakapiga makofi.

Kesho yake tukarudi Gitega, Mzee pembeni yangu, kartoni kwenye kiti cha nyuma mahali pa bibi harusi, inanuka. Tukafika kwenye ule mlima. Mstari wetu mweusi ulikuwa bado uko kwenye lami. Akaniambia nipunguze mwendo. Akauangalia mpaka ukaisha.

"Hata hivyo," akasema, "ulikaza vibaya."

Nikashusha gia. Nilikuwa nashuka mlima, nilihitaji roho iwe mahali pake. Tulipokaribia nyumbani akakohoa.

"Kesho upite sokoni."

"Kufanya nini?"

"Utafute ile."

"Ile gani, Baba?"

"Ile unajua."

"Sema jina lake."

"Endesha gari."

Sasa kartoni iko juu ya kabati chumbani kwa Mzee, na kila mgeni anaonyeshwa. Na kila Ijumaa Shangazi anapiga simu kutoka Muyinga, baada ya salamu na habari za dada, anauliza habari za filta. Juzi alipiga, mi niko chini ya Pijo, uso umejaa mafuta, nafunga bati mpya ya biskuti. Niliona viatu vya Mzee vimesimama karibu na kichwa changu. Nikamsikia anasema, sauti tamu ambayo mi hajawahi kunipa:

"Iko inatembea, dada. Haivuji hata tone. Marehemu alijua kununua, walahi."

Nikatulia na kle yangu ya kufungulia boliti mkononi, nikasema sasa leo natoka hapa chini, nasema yote, dunia isikie. Mzee akakata simu. Akainama, magoti yakalia, uso wake ukatokea ukiwa juu chini. Akaiangalia ile filta ya chungwa kwa muda, akanyosha kidole, akaigusa.

"Hiyo," akaninong'oneza, "usiikaze vibaya."